Maganda ya Mugole

Maganda ya ndizi mbichi yana harufu mbili. Asubuhi, yakiwa yamemenywa muda huohuo, yananuka utomvu, harufu ya uchachu inayonata puani kama utomvu wenyewe unavyonata vidoleni. Jioni, yakishashinda ndani ya kikapu, harufu inakuwa nzito na tamu kwa mbali, na inzi wanajua ilipo kabla yako. Nimekulia kati ya harufu hizo mbili, kijijini Rugu, katika nyumba ya bati iliyozungukwa na kibanja. Anayetoka mbali nimwambie kwamba kibanja chetu kilikuwa migomba na mibuni iliyosogea mpaka mlangoni, hata mvua ikianza tulisikia kwanza majani ndipo bati. Baba alikuwa ameshafariki. Waliokuwa wakiishi pale ni Mama, kaka yangu Deo ambaye alikuwa kijana wa kuoa, na mimi, msichana wa miaka kumi niliyejiona mkubwa kuliko umri wangu.

Mama hakuwa mtu wa kutupa kitu. Maganda yalikwenda kwa ng'ombe, samadi ya ng'ombe ikarudi kwenye mashina ya migomba, migomba ikatupatia ndizi, na maganda yake yakaenda tena kwa ng'ombe. Majivu ya jikoni yalichanganywa na maharage ya mbegu ili yasitobolewe na wadudu. Jani la mgomba lililofunikia sufuria lilifutwa likafunikia tena kesho yake, na lilipochanika kabisa lilitandazwa shambani kuzuia magugu. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, madukani hakuna sabuni wala chumvi ya kueleweka, kwa hiyo hata kipande cha sabuni kilichobaki kama ukucha kilibandikwa juu ya kipya kilipopatikana. Tulikula ndizi zilizopikwa pamoja na maharage, mnavu, maboga, karanga za kutwanga, na senene, wale panzi wa msimu. Sukari tuliiona nyumbani mtu akiugua. Leo daktari akinipima damu ananiambia nile vile vile nilivyokula utotoni, na ananiambia kwa sauti ya mtu aliyegundua jambo.

Watu wengi wakisimulia habari za zamani huishia hapo, wakatikisa kichwa na kusema mambo yalikuwa mazuri. Mimi siwezi kuishia hapo. Kila nikisikia sifa za majiko ya mama zetu namkumbuka wifi yangu, na roho inanisuta.

Kwanza nieleze namna ndizi zilivyomenywa kwetu, kwa sababu mambo yote yalitokea hapo. Mwanamke alipimwa kwa ganda. Ganda lilitakiwa liwe jembamba, litoke na rangi yake ya kijani tu, nyama yote ibaki kwenye ndizi. Mama alikuwa na kipimo chake: alichukua ganda akalikunja kati ya vidole viwili. Jembamba lilikunjika bila kelele. Lenye nyama lilikatika, tak, na sauti hiyo mimi niliilipia kwa vifundo vya vidole, maana Mama alinigonga kwa mpini wa kisu kila lilipokatika. Nilipofika miaka tisa maganda yangu yalikuwa yanakunjika yote. Nilijivunia hilo kuliko nilivyojivunia kusoma, na Mama alinisifu mbele ya majirani kwamba huyu akiolewa hatarudishwa na mtu.

Baada ya kahawa kuchumwa mwaka ule, Deo alimleta Kostansia. Alikuwa binti wa familia moja iliyokaa mwisho wa kijiji, kwenye mteremko wenye mawe. Wazazi wake walikuja zamani kutoka Rwanda kutafuta vibarua, wakalima vibanja vya watu, wakazaa hapo hapo. Kostansia alizaliwa Rugu, akabatizwa katika kanisa letu, akazungumza Kinyambo kama sisi. Mama hata hivyo aliwaita watu wa kuja. Hakumtaka. Deo naye, mara moja tu katika maisha yake, alimgomea Mama, na ndoa ikafungwa. Mama akakubali kwa sharti ambalo alilitamka wazi mbele yetu sote: Kostansia atapikia jiko la mkwewe mpaka maharage ya vuli yavunwe. Mama akiridhika naye, atampa mafiga yake matatu na sehemu yake ya kibanja, awe mke mwenye nyumba. Asiporidhika, msichana atarudi kwao kwenye mawe.

Tulimwita Mugole, yaani bi harusi, kama ilivyo desturi kumwita mke mpya hadi azae. Alikuwa mrefu, mkimya, na mwepesi wa kazi kupita kiasi. Alichota maji kabla hatujaamka. Alinisuka nywele bila kunivuta, jambo ambalo Mama hakuliweza kabisa, na akisuka alinisimulia hadithi za sungura kwa kubadilisha sauti. Nilimpenda. Naliandika hili waziwazi kwa sababu yatakayofuata yatamfanya msomaji afikiri nilimchukia. Nilimpenda, na papo hapo nilifurahia cheo nilichopewa juu yake, kwani Mama alikuwa ameniweka niwe mkaguzi wa maganda. Kila asubuhi Mugole akimaliza kumenya, nilichutama kando ya kikapu, nikachagua maganda matatu manne, nikayakunja mbele yake. Yeye alitabasamu na kunitazama. Majuma ya kwanza halikukatika hata ganda moja, na nilipeleka habari kwa Mama kwa furaha ya kweli.

Vuli ya mwaka ule mvua haikuja ipasavyo. Ilinyesha ikatufanya tupande, kisha ikatuacha. Kibanja chetu kilikuwa cha zamani, kimejaa majani yaliyooza na samadi ya miaka mingi, kwa hiyo migomba ilivumilia na maharage yaliyokuwa kivulini yakapata maganda kidogo. Njaa kwetu ilikuwa jambo la kuambiwa. Ndizi za pombe zilikuwa nyingi kiasi kwamba Deo na wenzake waliendelea kukamua rubisi kila Jumamosi, na kuna mikungu ya kupika iliyochelewa kukatwa, ikaivia mgombani, ikaliwa na ndege. Kule kwenye mteremko maharage yalikaukia kwenye maua. Na kwa kuwa hakuna palizi pasipo mvua, vibarua navyo vikakoma. Hayo yote niliyaona kwa macho yangu nikipita kwenda shule, ila sikuyaunganisha. Mtoto aliyeshiba haunganishi.

Kulikuwa na mbuzi wetu mmoja kwa wazazi wa Mugole. Ndivyo ilivyofanyika mara nyingi: mwenye mifugo alimpa asiye nayo jike amtunze, wakazaliwa watoto, wa kwanza akarudi kwa mwenyewe na wa pili akabaki kwa mtunzaji. Mama alimtoa mbuzi huyo wakati wa posa, kwa shingo upande, ili watu waone kwamba hana neno. Kwa ajili ya mbuzi huyo, mara mbili kwa juma, mdogo wake Mugole alikuja kuchukua kikapu cha maganda. Aliitwa Esperansa, ana kama miaka sita, kichwa kikubwa juu ya shingo nyembamba. Alimwamkia Mama kwa kupiga magoti, shikamoo, akasubiri nje mpaka dada yake amtwike, akaondoka bila kugeuka.

Mimi ndiye niliyegundua. Niliokota ganda siku moja, siku ya Esperansa, nikalikunja, likakatika. Nikachukua jingine, tak. Nikamtazama Mugole, naye akanitazama, na safari hii hakutabasamu. Aliniambia kwa sauti ya chini, "Kisu kimekuwa butu, wifi yangu." Nikamwamini. Kesho yake maganda yalikunjika vizuri. Siku ya Esperansa ilipofika tena yakakatika, mazito, meupe kwa ndani, nusu ya ndizi imebaki humo. Ningeweza kunyamaza. Hakuna aliyenishikia fimbo. Lakini nilikuwa nimezoea kusifiwa kwa kuwa na jicho kali, na siku mbili Mama alikuwa hajanisifu. Nikamwambia.

Mama hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha kidogo. Akaniambia nimfuate mtoto siku ijayo, nikaone huyo mbuzi ananenepa kiasi gani.

Nilimfuata Esperansa Jumanne mchana, baada ya shule. Nilifika kwao nikiwa nimejiandaa kusema nimetumwa kumsalimia mbuzi. Nikamkuta mama yake, Mama Kostansia, ameketi mlangoni na kikapu chetu mapajani. Alikuwa na kijiko cha bati. Alichukua ganda moja moja, akalikwangua ndani, nyama nyeupe ikaangukia kwenye sufuria, na ganda lililobaki akamrushia mbuzi aliyefungwa pembeni. Alifanya hivyo polepole, kwa uangalifu ambao Mama yangu angeusifu kama angeuona kwa mtu mwingine. Jikoni moto ulikuwa unawaka tayari. Aliponiona alishtuka, akaficha kijiko chini ya kanga, kisha nadhani akaona hakuna faida, akakitoa. Nilimwamkia. Akaitikia marahaba, mwanangu, akanikaribisha ndani, akanifutia kigoda.

Walipika yale mabaki na majani ya maboga, bila chumvi. Ilipoiva alipakua sahani tatu, ya mumewe aliyekuwa hajarudi, ya Esperansa, na yake, ndogo kuliko zote. Akasimama akifikiri. Kisha akachukua sahani iliyokuwa ya Esperansa, akanipa mimi, kwa sababu mgeni halali njaa machoni pa mwenye nyumba, na mimi nilikuwa wifi wa binti yake. Esperansa alikaa kwenye majani akaitazama sahani. Sikuwa na njaa. Nilikuwa nimekula nyumbani uji na kipande cha boga. Ila Mama alikuwa ametufundisha mambo mawili kuhusu chakula cha watu: usikatae, na usibakize. Sahani iliyorudi na chakula ilikuwa aibu ya mama aliyekulea. Kwa hiyo nilikula. Nilikula mpaka mwisho, nikaifuta sahani kwa kidole kama nilivyofunzwa, nikasema asante. Mama Kostansia akasema, "Umelelewa vizuri." Sikuona dhihaka usoni mwake, na nimeutafuta uso huo kumbukumbuni mara nyingi. Alimaanisha.

Njiani nilikuwa na nafasi ya kuchagua maneno. Ni mwendo wa nusu saa. Ningeweza kusema mbuzi anakula vizuri. Ningeweza kusema wana njaa, na neno hilo huenda lingemgusa Mama, kwa sababu naye alipata kulala njaa katika ujana wake na alikuwa na hofu nayo. Nilichagua neno la kuchekesha. Niliingia jikoni nikakuta Mama yupo na jirani mmoja, nikasema, "Mama, wakwe zetu wanakula chakula cha mbuzi." Jirani akacheka hadi akashika ukuta. Mama hakucheka. Nilipogeuka nilimwona Mugole nje ya mlango na kuni kichwani. Alikuwa amesikia. Akatua kuni taratibu, akaanza kuzipanga, moja moja, kana kwamba ilikuwa muhimu sana zipangwe.

Nimejiuliza sana ni kitu gani kilichomchoma Mama. Hakikuwa ndizi. Ndizi tulikuwa nazo za kunyweshea wanaume kila Jumamosi. Naamini ni lile cheko la jirani. Lilikuwa limeshatoka nje, na kabla ya misa ya Jumapili kila mtu angejua kwamba Deo ameoa kwa watu wanaokula maganda. Mimi nililitia miguu.

Jioni ileile, jua bado lipo, Mama alitukusanya mlangoni mwa jiko. Deo alikaa kwenye kigoda. Mugole alikaa chini kwenye majani, miguu ameikunja upande, macho chini kama mkamwana apasavyo. Mama alikuwa na maganda matano ya asubuhi aliyoyabakiza. Akayakunja moja baada ya jingine mbele yetu, bila haraka, yote yakakatika.

"Kostansia," akasema, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina tangu aolewe. "Hili ni ganda au ni ndizi?"

"Ni ndizi, Mama."

"Unammenyea nani?"

"Nawamenyea wa kwetu."

Hakuzunguka, hakutaja kisu butu. Mama akamuuliza kwa nini amemwibia badala ya kumwomba. Mugole akainua macho, kitu ambacho hakuwahi kufanya, akamtazama mkwewe usoni.

"Ningeomba, Mama, ungenipa?"

Swali hilo nalikumbuka kuliko kitu chochote cha utoto wangu. Mama alivikusanya vipande vya maganda, kimoja kimoja. Namjua, alikuwa mtu mkweli kwa namna yake, na nadhani alikuwa anajipima kweli, anatafuta jibu ambalo si uongo. Deo alikuwa anatazama viganja vyake. Nilimwomba Mungu kwamba mmoja wao aseme ndiyo. Kama Mama angesema ndiyo, hata kwa kudanganya, mambo yangegeuka pale pale. Mwishowe akasema, "Hukuomba," akanyanyuka, akaingia ndani.

Asubuhi iliyofuata Deo alimrudisha mke wake kwao, yeye mbele na godoro la manyasi, Mugole nyuma na sufuria yake na kanga mbili. Zilikuwa zimebaki siku chache tu maharage yavunwe. Alipopita mbele yangu alinishika kichwa, pale aliposuka, akasema nibaki salama. Deo alirudi saa sita mchana akimvuta yule mbuzi kwa kamba, maana Mama alikuwa amemwagiza asimwache. Hivyo basi katika siku moja watu wale walipata mdomo mmoja zaidi wa kulisha, wakapoteza maganda, wakapoteza mbuzi. Na kwetu jioni ile ndizi alimenya nani? Nilimenya mimi, na Mama akanisifu.

Kabla ya mwaka mpya familia ile ilihama. Watu walisema wameelekea Songambele, ambako ardhi ilikuwa bado inapatikana. Deo alioa tena, mwanamke wa ukoo mzuri mwenye mkono mwepesi wa kumenya, naye akapewa mafiga yake bila sharti. Kaka yangu alikunywa sana miaka iliyofuata. Hatukuzungumzia mambo yale kamwe, na Mama amefariki bila mimi na yeye kuyataja.

Nilifika Songambele miaka ya tisini, nikiwa mwalimu kijana, kwa shughuli za shule. Niliulizia, nikaelekezwa. Mama Kostansia alikuwa hai, mzee, na alikuwa na kibanja sasa, kidogo lakini kizuri. Alinitambua kabla sijajitambulisha. Aliniambia Kostansia aliolewa upya na ameondoka na mumewe kwenda Rwanda, nchi ambayo hakuwahi kuiona, na hajapata barua yake. Nikamuuliza Esperansa. Akasema Esperansa walimwacha Rugu. Nilidhani ana maana amepata kazi kwa watu, nikasema basi nitamtafuta. Mama huyo mzee akanishika mkono akanieleza vizuri: walimzika kule, juu ya mteremko, siku chache kabla ya kuhama. Aliharisha siku tatu. Sitasema tulimuua. Kuharisha kuliwachukua watoto wengi, hata walioshiba. Lakini nimekula sahani yake, na hilo hakuna anayeweza kunisamehe, kwa kuwa aliyestahili kunisamehe alikuwa na miaka sita. Nilitaka kuomba radhi kwa yule mama nikakosa pa kuanzia. Yeye alikuwa ameshaingia jikoni kunitafutia chakula.

Sasa nimestaafu kwa hiari, nakaa Kihanga. Watu wa hapa wanakula chipsi asubuhi na soda juu yake, mifuko ya plastiki imekwama kwenye mibuni, na kila nyumba ina mtu mwenye kisukari. Ni kweli tumeharibu mengi. Ndiyo maana mwaka jana alikuja kijana mmoja wa lishe kutufanyia semina kwenye ukumbi wa kijiji, kijana mzuri, mwenye adabu, aliyebandika karatasi kubwa ukutani. Alitaka wazee tuwaeleze vijana jinsi mama zetu walivyokula vizuri bila kutupa kitu. Wenzangu walisimama mmoja mmoja wakasifu majani ya migomba, majivu, samadi, mnavu. Kila walichosema kilikuwa kweli. Ilipofika zamu yangu kijana akanisaidia kwa swali, akisema, "Mwalimu, hebu tuambie, kweli kwenu hamkutupa kitu chochote?"

Nikasema, "Tulitupa watu."

Ukumbi ukacheka, kwa maana mimi najulikana kwa utani. Nilisimama nikisubiri kicheko kiishe ili nieleze. Kijana naye alicheka kidogo, kwa heshima, akanishukuru sana, akageukia karatasi yake, na chini ya yale ya wenzangu akaandika kwa herufi kubwa: HAWAKUTUPA KITU. Vijana wakaanza kunakili kwenye madaftari yao. Nikakaa chini.